Subira ya Mgonjwa na Dawa ya Maumivu

 

Ndugu zetu Waislamu, mas-ala tunayoyaandika leo hatukuyachagua. Yametuandama yenyewe, na imekuwa hapana budi kuyatoa. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, tuliitwa hospitali kumtazama kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu, wa umri wa miaka 22. Alikuwa amegongwa akiwa juu ya pikipiki, na mfupa wa paja la kulia umevunjika. Tulimkuta amelazwa juu ya kitanda cha magurudumu katika chumba cha dharura, kile ambacho watu wa mji hukiita kazualti, jasho lamtiririka na meno ameyauma. Daktari alikuwa amekwisha agiza sindano ya mofini, kisha auvute mguu na kuutia gango. Lakini ami yake kijana alisimama baina ya muuguzi na kitanda. Alisema kuwa nyumba yao imekwisha kumzika mtoto mmoja kwa sababu ya unga, na hawako tayari kumtoa wa pili kwa sindano. Alipotuona akafurahi, akasema, "Sheikh, mwambie huyu daktari. Sisi si watu wa kulevywa."

Nasi tulifanya nini? Tulimshika kijana mkono, tukamwambia asubiri, tukampa kisa cha Urwa bin Zubeir, radhi za Mungu zimshukie, aliyekatwa mguu naye ameikataa dawa. Sindano ikarudishwa. Mguu ukavutwa pasi na kitu. Sauti tuliyoisikia hatutaki kuieleza. Twasema tu kwamba sisi tulitoka nje kabla kazi haijesha, na yule kijana hakuwa na pa kutokea.

Tangu usiku ule tumevifungua vitabu, na tumewauliza matabibu, na haya tuyaandikayo ni kurudi kwetu katika kosa. Kosa tulilifanya mbele ya watu, basi na kurudi kuwe mbele ya watu.

Tuanze na kisa chenyewe, maana twajua kuwa hata leo chatumiwa juu ya mimbari. Urwa ni mtoto wa Zubeir bin Awwam na Bibi Asma binti Abubakar, na ni mmoja katika mafakihi saba wa Madina. Alisafiri kwenda Sham kwa Khalifa Walid bin Abdulmalik, na mguu wake ukapatwa na donda la kuoza. Matabibu wakaona kuwa usipokatwa litapanda juu na kumuua. Wakamtaka anywe kitu cha kumwondoa akili ili asione uchungu wa msumeno, naye akakataa. Wapokezi wasimulia kuwa katika safari hiyo hiyo mwanawe alipigwa teke na mnyama akafa, na baba akamshukuru Mola wake kwa alivyombakishia. Kisa hiki ni kitukufu, wala hatukipunguzii kitu.

Lakini sisi tulikuwa tukikisoma kwa jicho moja. Urwa aliulizwa. Dawa ililetwa mbele yake, na waliomzunguka walimtaka ainywe. Aliyekataa ni yeye, mtu mzima, fakihi, ajijuaye uwezo wake na aijuaye niya yake. Hakuna aliyesimama baina yake na tabibu. Na wapokezi wakaongeza kuwa alipochomwa kwa mafuta ya moto ili damu isimame, alizimia. Yule daktari wa usiku ule, alipokutana nasi siku za mbele, alituuliza neno moja kwa adabu: "Sheikh, huyo Urwa alinyimwa dawa na ami yake?" Hatukuwa na jibu.

Kijana wetu hakuulizwa. Ami alisema, daktari alisema, na sisi tulisema. Mwenye paja hapana aliyemgeukia. Naye ni baligh na mwenye akili, ambaye sharia yamwandikia sala na saumu yake mwenyewe, na yamhesabu kwa maneno yake katika biashara na nikaha. Vipi basi awe mtoto katika maumivu yake? Subira ni ibada, na ibada haina wakala wa namna hii. Mtu akiona nafsi yake ina nguvu ya kuyachukua maumivu kwa kutaka thawabu, na tabibu akaona hapana madhara, hiyo ni shauri yake na Mola wake. Ama kuyachukua maumivu ya mwengine na kuyafanya sadaka yetu, hilo hatukuliona katika kitabu chochote.

Tena, nani aliyesema kuwa kutafuta nafuu ni kuikosa subira? Nabii Ayyub, ambaye kwa subira yake hupigiwa mfano, alimlalamikia Mola wake juu ya madhara yaliyomgusa, na Mwenyiezi Mungu akamwondolea na bado akamsifu kuwa ni mwenye kusubiri. Mtume wetu (s.a.w.) alipigwa chuku kichwani kwa ajili ya maumivu ya kichwa, naye yumo ndani ya ihramu, na ihramu, kama mjuavyo, ni hali ambayo hata unywele haung'olewi bila ya sababu. Na Bibi Aisha alipolia siku moja kuwa kichwa chamuuma, Mtume hakumkemea. Alimjibu kuwa yeye naye chake chamuuma. Hadithi hizi zimo katika Sahihi ya Bukhari, na watoto wetu wa chuoni wazisikia. Ajabu yetu ni kwamba twazisoma msikitini, kisha tukifika hospitali twamwambia mgonjwa, "Nyamaza, wewe ni mwanamume."

Sasa tuje kwenye hoja ya akili, maana ndiyo hoja kubwa ya ami yake kijana. Akili ni amana na kuiondoa kwa anasa ni haramu, hapo hapana khilafu. Lakini mafakihi wetu hawakuacha jambo la maradhi bila ya kulitazama. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, naye ndiye nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi katika pwani hii, ameyataja katika Raudha mas-ala ya mtu ambaye mkono wake umeingiwa na donda la kula nyama, na hauwezi kukatwa ila kwa kuondolewa akili kwanza. Akasema kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu. Zimepita karne saba na zaidi! Aliandika kabla haijajulikana hewa ya itha, ambayo madaktari wa Boston waliionyesha hadharani mwaka 1846, wala haijajulikana nusukaputi ya leo wala sindano. Na mafakihi watajapo banji katika mlango huu, wakusudia mmea mwengine, si bangi hii ivutwayo vichochoroni; tumeona tulitanabahishe hilo kwa sababu ya majina kufanana. Ama khamri ina hukumu yake kali, nayo si mas-ala yetu, maana hapana hospitali imtiliayo mgonjwa mvinyo.

Masharti ya ruhusa hii ni haja, na kipimo, na tabibu ajuaye kazi yake. Yote matatu yalikuwapo usiku ule. Kilichokosekana ni ilimu yetu.

Imebaki khofu, na khofu ya nyumba ile si ya kuchekwa. Watu wa Mombasa, na Lamu, na Malindi hawahitaji kuelezwa unga ni nini. Tumewazika vijana, na mama zao tunawajua. Tena khofu yao ina asili ya kweli: heroini imetokana na mofini yenyewe, na mofini yatoka katika afyuni. Heroini ilitengenezwa mara ya kwanza London mwaka 1874, na kuanzia mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikawa yaiuza kama dawa, khasa ya kikohozi. Kwa hivyo mtu akisema kuwa hizi ni ndugu, amesema kweli. Lakini mnazi mmoja hutoa dafu na hutoa tembo, wala hatukuona sheikh aliyeharimisha dafu. Kinachotazamwa ni nini kimefanywa, na kwa kiasi gani, na mkononi mwa nani.

Na tutazame jinsi matabibu wafanyavyo. Mofini ya chumba cha dharura hupimwa kwa uzito wa mgonjwa na hali yake, hutiwa katika mshipa kidogo kidogo, na baada ya dakika chache mgonjwa huulizwa: yamepungua? Anayepewa huangaliwa pumzi zake, na kidoleni hubanwa kidude kinachopima hewa iliyomo katika damu, maana khatari ya dawa hii ikizidi ni kuzipunguza pumzi. Ikizidi, iko dawa ya kuirudisha nyuma, iitwayo naloksoni. Mtu kupewa hivyo kwa siku moja au mbili kwa mfupa uliovunjika, chini ya macho ya muuguzi, ni mara chache mno kumtia katika uteja. Hatusemi kuwa khatari haipo kabisa. Huko Marekani watu wengi wameangamia kwa jamii ya dawa hizi, na sehemu kubwa ya balaa ile ilianza kwa vidonge vilivyoandikwa kwa wingi vikaliwe nyumbani kwa wiki na miezi. Basi khofu iwekwe mahali pake: ukipewa vidonge vikali vya kuondoka navyo, uliza ni vya siku ngapi, na vikibaki virudishe, usiviweke kabatini penye vijana. Lakini kumzuilia sindano aliyevunjika paja, ambaye yuko mbele ya daktari, ni kuiweka khofu mahali si pake.

Tena wapo wanaosahau kwamba katika kliniki iliyofunguliwa Malindi mwaka 2015, na nyinginezo zilizofuata, vijana wetu walioathirika na unga hunyweshwa methadoni kila siku mbele ya muuguzi. Methadoni ni katika jamii ile ile ya mofini. Wako waliorudi kazini na kwa wake zao na katika safu za sala kwa sababu ya kikombe kile.

Na hapa liko jambo ambalo twawaomba ndugu zetu walisikilize khasa. Ikiwa mgonjwa anatumia unga, au yuko katika methadoni, au amelewa, au ametafuna miraa usiku kucha, au amemeza vidonge vya usingizi, daktari aambiwe. Aambiwe na mgonjwa, na mgonjwa akiwa hawezi, aambiwe na mama yake au rafiki yake. Watu wetu huficha kwa ajili ya sitara, na sitara ni jambo zuri. Lakini dawa mbili za kupunguza pumzi zikikutana mwilini bila ya tabibu kujua, mtu huweza kuacha kupumua huku jamaa wamekaa nje wakiilinda heshima yake. Tabibu amewekewa amana ya siri. Na mtumiaji wa unga akivunjika mfupa huumia kama wengine, pengine na zaidi. Naye apewe dawa, kwa kipimo ambacho tabibu atakijua akiambiwa ukweli. Vile vile aulizwapo mgonjwa lini alikula mara ya mwisho, asiseme "sijala" kwa kutaka mambo yaende upesi, maana aliyelazwa usingizi na tumbo limejaa aweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni.

Wako wanaokhofu kupotewa na akili hata kwa ruhusa. Hao nao wana njia. Kwa paja lililovunjika, daktari aliyefundishwa huweza kupiga sindano ya ganzi kwenye kinena, karibu na mshipa wa fahamu, mguu ukafa ganzi na akili ikabaki kamili. Mtu akaweza kuendelea na dhikri zake. Kwa bega lililotoka mahali pake au kwa mtoto wa kushonwa usoni hutumiwa mara nyingi ketamini, dawa iliyotengenezwa mwaka 1962. Hii ina mambo ya ajabu: mgonjwa huweza kuwa na macho wazi naye hayupo, na pumzi zake mara nyingi zaendelea vizuri, ndiyo sababu yapendwa hata katika hospitali ndogo. Akizinduka aweza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwapo. Tumepata kusikia watu wakisema kuwa mtoto ameingiwa na jini mle ndani, wakatafuta kombe. Si jini. Ni dawa yatoka, naye akae mahali patulivu, na mtu amjuaye awe karibu, litakwisha.

Tusije tukawa tumewasema watu wa mji peke yao. Matabibu nao walikuwa na taklidi yao. Mwaka 1921 daktari mmoja mkubwa wa Uingereza, Zachary Cope, alitunga kitabu juu ya maumivu ya tumbo ya ghafula, na ndani yake akaonya kuwa mgonjwa asipewe mofini kabla ugonjwa haujajulikana, isije ikazificha dalili. Neno hilo likashikwa na walimu na wanafunzi wao, na watu wakaachwa wajikunje kwa masaa. Ilipofika miaka ya 1980 na 1990 ndipo wakaanza kulipima kwa majaribio, wengine wakapewa dawa na wengine wasipewe. Na mwaka 2007 majaribio hayo yalipokusanywa pamoja ikaonekana kuwa kumtuliza mgonjwa hakukuwapoteza matabibu katika kuujua ugonjwa. Wakaiacha kauli ya mkubwa wao kwa ajili ya dalili. Laiti nasi tungekuwa wepesi kama wao! Hata hivyo neno la kale halijafa kila pahali, na mgonjwa wa tumbo akiambiwa angoje mpaka daktari mkubwa afike, si utovu wa adabu kuuliza, "Je, hawezi kupewa kitu cha kumtuliza kwa sasa?"

Kuuliza huko kuna haja, kwa kuwa watu wetu wamelelewa kutoonyesha. Bibi wa Kiswahili akiumwa hujifunika leso uso wake akanyamaza, na muuguzi mwenye wagonjwa thelathini humpita, akaenda kwa anayepiga kelele. Mwaka 1993 matabibu wa Los Angeles walitoa khabari ya wagonjwa 139 waliofikishwa chumba cha dharura cha hospitali ya chuo kikuu wakiwa wamevunjika mifupa mirefu. Katika wale weupe, 26 katika kila 100 hawakupewa dawa yoyote ya maumivu. Katika wale wenye asili ya Kihispania walikuwa 55 katika kila 100. Mifupa ni ile ile. Ikiwa mambo ni hivyo kwa matajiri, anayejificha nyuma ya leso atarajie nini? Basi muuguzi akikuuliza, "Toka sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?" usijibu "Alhamdulillahi" ukanyamaza. Mhimidi Mola wako, kisha taja hesabu. Kutaja maumivu mbele ya tabibu ni khabari kama khabari ya homa, wala si kumshitaki Mwenyiezi Mungu kwa viumbe vyake.

Tena dawa zenyewe ni haba. Jarida la Lancet lilieleza mwaka 2017 kuwa katika tani 298.5 za jamii ya mofini zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi zilizo maskini kabisa zafikiwa na sehemu ya kumi ya tani moja tu. Ikiwa imejaaliwa kufika mpaka katika sahani ya muuguzi wa mji wetu, tusiirudishe sisi.

Limebaki la sala, ambalo tumeulizwa mara nyingi. Akili ikiondoka, udhu umevunjika. Ikiwa wakati umeingia na hali yaruhusu, mgonjwa asali kabla ya kulazwa usingizi, kwa ishara na kwa tayamamu akiwa hawezi zaidi. Sala iliyompita naye amelala kwa dawa aliyoihitaji, kauli ya madhehebu yetu ni kuwa yu kama aliyezimia, halipi. Na wako wanazuoni wa zama hizi wasemao alipe, kwa sababu usingizi huu ni mfupi na aliukubali mwenyewe. Nasi twaona kulipa ni ihtiyati, na si uzito mkubwa.

Yule kijana alitujia baada ya miezi akitembea kwa mkongojo. Tulidhani amekuja kuuliza haya. Akasema kuwa suali lake ni la Alfajiri ya usiku ule. Alikuwa macho, adhana aliisikia, na wakati wote akijua kuwa wakati unapita. Lakini kila alipotaka kuileta Fatiha mguu uliichukua, mpaka jua likatoka. Hakulewa kitu, na sala ilimpita. Tukamwambia ailipe, na kuwa tukiulizwa juu yake huko mbele, sisi na ami yake ndio wa kuanza kujibu. Kisha tukamtaka radhi. Akanyamaza kitambo, akitazama gongo lake, kisha akatupa mkono.